Kubabua na Kubangua: Joto katika Historia ya Korosho ya Mtwara

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya joto katika tasnia ya korosho ya Mtwara kupitia maneno yanayolitaja na yale yanayolinyamazia. Hoja yake ni kwamba kitenzi kubangua, ambacho leo kimekuwa jina la tasnia nzima, kinataja pigo la mwisho tu katika mlolongo ambao ugumu wake ni kulipasha joto ganda bila kukiunguza kiini. Kwa kulinganisha uchomaji wa nyumbani, viwanda vya miaka ya 1970 na vikundi vinavyotumia mvuke, makala yanaonesha kuwa swali la namna joto linavyopita katika ganda ndilo pia swali la nani anaumia. Kitenzi kubabua, ambacho kingeweza kuitaja kazi hiyo barabara, kinajadiliwa kwa kirefu.

Kazi zilizoitwa kwa moto

Katika pwani inayoanzia Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, kazi nyingi za zamani zilihitaji moto, lakini si zote zilizoitwa kwa jina la moto. Aliyetoa matumbawe baharini, akayapanga juu ya magogo na kuyawashia moto hadi yakageuka unga mweupe, alisemwa kuwa anachoma chokaa. Aliyechemsha maji ya chumvi hadi yakakauka chunguni alikuwa anapika chumvi. Mkaa nao huchomwa, na matofali vilevile. Katika kazi hizo kitenzi kinakwenda moja kwa moja kwenye joto, hata pale ambapo jasho jingi lilitokea mahali pengine: mchoma chokaa wa ghuba ya Mikindani alikuwa kwanza mvunja matumbawe na mkata kuni, na moto wenyewe ulichukua sehemu ndogo tu ya siku zake. Mfinyanzi yuko upande wa pili. Chungu kisichopita motoni ni udongo uliokauka, kikitiwa maji kinarudi kuwa tope. Hata hivyo kazi yake inaitwa kufinyanga, kwa jina la vidole, na tanuri halisikiki.

Korosho imekwenda njia ya mfinyanzi. Kiwanda chake ni kiwanda cha kubangua, mfanyakazi wake ni mbanguaji, na sera zake huzungumzia ubanguaji. Neno lenyewe liko jirani na kubanja, yaani kupasua kitu kigumu kama kokwa kwa kukigonga, na kila mzungumzaji wa Mtwara analielewa hivyo: kuna ganda, kuna pigo, na kuna kiini kinachotoka. Moto haumo.

Kubangua hakiko peke yake. Mpunga hukobolewa, pamba huchambuliwa, alizeti hukamuliwa, mahindi hupukuchuliwa. Vitenzi hivi vyote vinaishia kwa -ua au -oa, mwisho ambao wanasarufi wameuhusisha na kauli ya kutendua, yaani kutenganisha kilichoshikana au kufungua kilichofungwa. Vingi havina tena kitenzi shina kinachotumika peke yake kwa maana ya kuunganisha, lakini umbo na maana vimebaki pamoja. Inaonekana kwamba Kiswahili kilipolazimika kuyapa majina mageuzi ya mazao kutoka shambani hadi sokoni, kilichagua mara nyingi tendo la kutenganisha. Kwa mpunga na pamba jina hilo linatosha, kwa sababu kutenganisha ndiyo kazi. Kwa korosho halitoshi. Anayejaribu kubangua korosho isiyopata moto atapata mkono uliobabuka na kiini kilichochafuliwa na mafuta ya ganda, ikiwa atakipata kizima.

Ganda na kilichomo

Ugumu wa korosho uko katika ujenzi wa ganda lake. Ganda lina tabaka mbili ngumu, ya nje na ya ndani, na kati yake kuna nyama yenye vijishimo vilivyojaa mafuta mazito, mekundu yanayoelekea weusi. Mafuta hayo yana asidi ya anakadiki, kadoli na kadanoli, kemikali ambazo zikigusa ngozi huiwasha na kuitoa malengelenge. Ndani kabisa kiko kiini cheupe kilichovikwa ngozi nyembamba. Kiini hicho ndicho chenye bei, na bei yake hutegemea mambo mawili ambayo joto linaweza kuyaharibu yote: uzima na weupe. Katika biashara ya kimataifa daraja linaloitwa W320 lina maana ya viini vyeupe vizima vipatavyo 300 hadi 320 katika ratili moja. Kiini kikipasuka kinashuka daraja. Kikibadilika rangi kwa kuungua kinashuka tena.

Basi kazi inayotakiwa ni hii. Uso wa korosho upate joto kali la kutosha kuyapasua matundu ya mafuta na kulifanya ganda kuwa kavu na jepesi kuvunjika, lakini kabla joto hilo halijafika ndani, korosho iwe imekwisha kuondolewa motoni. Ni mbio kati ya ganda na kiini. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi Tanzania huwafundisha watoto kwamba joto husafiri kwa njia tatu, mpitisho, myuko na mnunurisho. Ndani ya ganda la korosho njia iliyopo ni ya kwanza, na mpitisho una kanuni yake: unene ukiongezeka maradufu, muda wa joto kupenya huongezeka mara nne hivi. Ndiyo maana korosho kubwa na ndogo zikitiwa pamoja kwa muda uleule, ndogo huungua huku kubwa zikiwa bado mbichi ndani ya ganda. Kupanga korosho kwa ukubwa, kazi inayoonekana kuwa ya usafi na utaratibu tu, ni sehemu ya kazi ya joto.

Njia ya nyumbani haikuwa na kipimajoto, lakini ilikuwa na majibu yake. Korosho humwagwa juu ya bati lililotobolewa au kikaango kikuukuu kilichoinjikwa juu ya mafiga nje ya nyumba, kwa kuwa moshi wake hauvumiliki ndani. Hukorogwa bila kupumzika, kwa sababu korosho hugusana na bati mahali padogo tu, na pasipogeuzwa hapo pataungua. Mafuta yakianza kutoka hudondokea motoni na kuwaka, hata korosho zenyewe hushika moto. Hapo kinachohitajika ni jicho: dakika chache zikizidi, kiini kinakuwa mkaa. Zikiwa tayari humwagwa juu ya mchanga na kufunikwa kwa mchanga, ambao huzima moto, hunyonya mafuta yaliyobaki usoni na kulipokonya ganda joto lake kabla halijaendelea kuingia ndani. Baada ya hapo ndipo zinabanguliwa kwa kipande cha mti au jiwe. Katika lugha ya nyumbani hatua hizo mbili zina vitenzi viwili, na kimoja hakikimezi kingine: korosho huchomwa, kisha hubanguliwa.

Kubabua

Kiswahili kina kitenzi kinachosogea karibu zaidi na tendo hili kuliko kuchoma. Kuchoma ni pana mno. Huchomwa mahindi, takataka, nyumba na hata sindano. Kukaanga na kuoka ni vya chakula kinachokusudiwa kuiva, na kubanika ni cha nyama au samaki juu ya makaa. Kubabua ni tofauti. Jani la mgomba hubabuliwa kwa kupitishwa juu ya moto hadi lilegee bila kuungua. Kichwa cha mbuzi hubabuliwa ili manyoya yatoke na nyama ibaki. Kinachotajwa ni joto la usoni, la muda mfupi, lenye lengo la kulegeza au kuondoa cha juu na kuacha cha ndani kama kilivyo. Umbo lake linaishia kwa -ua, kama kubangua, na maana yake ni ya kutenganisha kama hivyo vingine. Tofauti ni kwamba chombo cha kutenganisha ni moto. Kwa maneno mengine, ni kitenzi kinachounganisha familia mbili zilizokwisha kutajwa, ile ya moto na ile ya kutendua.

Mhandisi akitaka kueleza kwa Kiswahili kinachofanyika ndani ya birika la mafuta ya moto kiwandani, hana haja ya kuunda istilahi. Anayo. Pamoja na hayo neno kubabua halikuingia katika lugha ya tasnia. Limebaki katika mazungumzo ya korosho kwa njia nyingine, katika kauli ya kutendeka: mikono imebabuka. Ni mikono ya wanawake walioketi kutwa wakigonga maganda yenye mafuta. Kitenzi kilichofaa kuitaja kazi ya ganda kikataja jeraha la mbanguaji, na haikuwa bahati tu. Mafuta ambayo joto limeshindwa kuyatoa kwenye ganda ndiyo yaliyobaki kwa ajili ya ngozi.

Kwenda Kollam na kurudi

Mkorosho si mti wa asili wa pwani hii. Wareno waliuleta Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, na jina kanju, linalosikika bado katika baadhi ya maeneo ya pwani, linaonekana kutokana na neno lao caju. Kwa muda mrefu tunda lake lililiwa na lilitumika kutengenezea uraka, na maji yake yaliyochachuka yalikenekwa kuwa nipa, kazi nyingine ya joto yenye historia yake na yenye kesi zake mahakamani.

Korosho ikawa zao la biashara kubwa katika karne ya 20, wakati viwanda vya India, hasa vya Kollam katika jimbo la sasa la Kerala, vilipohitaji malighafi kuliko mashamba yao yalivyoweza kutoa. Hapo mlolongo wa nyumbani ulikatwa vipande viwili na kutenganishwa na bahari. Mkulima wa Newala au Tandahimba aliokota, akaanika na kuuza. Moto ulikuwa Kollam, na mikono iliyobabuka ilikuwa ya wanawake wa Kollam. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyokamilika mwaka 1954, ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni uliokuwa umekwisha kufa. Reli iliyokuwa ikitoka humo kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki, na korosho ikarithi gati la karanga.

Mgawanyo huo uliacha alama katika msamiati. Korosho isiyobanguliwa iliitwa, na bado inaitwa, korosho ghafi. Kivumishi hiki kina asili ya Kiarabu na ni cha biashara: kitu kisichosafishwa, kilicho katika hali yake ya mwanzo. Jikoni neno la kawaida lingekuwa mbichi, ambalo kinyume chake ni kilichoiva au kilichopikwa, kwa hiyo moto umo ndani yake hata usipotajwa. Ghafi haina kinyume cha moto. Kinyume chake ni bidhaa. Mkulima aliyezoea kuuza ghafi hakuwa na sababu, katika lugha ya mizani na gunia, ya kuuliza kati ya ghafi na bidhaa kumepita joto la namna gani.

Viwanda kumi na viwili

Baada ya uhuru nia ya kuurudisha moto nyumbani ilikuwa wazi. Kiwanda cha Tanita kilianzishwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Waitaliano, na katika miaka ya 1970 mikopo ya Benki ya Dunia ilisaidia kujenga vingine hadi idadi ikafika kumi na viwili. Vingi vilikuwa kusini: viwili mjini Mtwara, kimoja kati ya hivyo kikiwa Likombe, viwili Newala, na vingine Masasi, Mtama, Lindi, Nachingwea na Tunduru. Uwezo wao kwa pamoja ulikadiriwa kuwa tani 113,000 kwa mwaka. Mitambo ilitoka Italia na Japani.

Habari ya kushindwa kwa viwanda hivyo imeelezwa mara nyingi, na maelezo yenyewe hayana ubishi mkubwa. Mavuno ya taifa yalifika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi karibu tani 16,500 mwaka 1986/87. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ilidhoofika, na ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua kabla hayajawa korosho. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walichukua miaka kuuelewa ugonjwa huo na kuenea kwa matumizi ya unga wa salfa. Viwanda vilijengwa kwa ajili ya kilele ambacho kilikuwa kimekwisha kupita.

Lakini maelezo hayo yanakihesabu kiwanda kama mdomo tu: hakikupata chakula, kikafa. Uchache wa malighafi haukiumizi kila kiwanda kwa kiasi sawa. Kiwanda cha mikono kikikosa korosho kwa wiki mbili, kinakaa tu. Cha mafuta ya moto kina gharama ambayo haingoji korosho. Katika mfumo huo korosho zilizokwisha kuloweshwa na kupumzishwa hupitishwa katika birika la mafuta yaleyale ya ganda, yenye joto la kati ya nyuzi 180 na 200 za Selsiasi, kwa dakika moja na nusu hadi tatu hivi. Mafuta hugusa uso wote wa korosho kwa mara moja na huingiza joto haraka kuliko hewa au bati. Kwa hiyo ganda linapasuka na kuongeza mafuta yake birikani, huku maji yaliyonyonywa awali yakigeuka mvuke na kuzuia joto la ndani lisipande upesi. Ni suluhisho la busara kwa mbio za ganda na kiini. Ila birika lazima lipashwe joto na kudumishwa katika joto hilo iwe korosho ni nyingi au chache, na mafuta ya ganda yakikaa motoni muda mrefu huwa mazito na kuelekea kuganda. Mfumo huu unataka mtiririko. Unataka pia korosho zilizopangwa vizuri kwa ukubwa na zenye unyevu unaofanana, kwa sababu visu vya mashine vinavyofuata havina jicho la kuona ipi haikuiva na ipi imezidi. Korosho iliyokaa ghalani kwa msimu mzima, ikaunganishwa na iliyotoka shambani juzi, huleta pale maganda ya tabia mbili tofauti.

Hapa ndipo jina la tasnia linapopata uzito. Uwezo wa viwanda ulihesabiwa kwa tani za kubangua. Lawama nazo zilikwenda kwenye kubangua: mashine zinavunja viini, vipuri havipatikani, mikono ya Kihindi inabangua vizuri zaidi. Yote yalikuwa na ukweli. Hata hivyo kiini kinachovunjika kwenye kisu mara nyingi kimekwisha kuandaliwa kuvunjika kwenye joto, kwa kukaushwa kupita kiasi au kwa ganda kubaki gumu upande mmoja. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba kitenzi kiliua viwanda. Inatosha kusema kwamba kilielekeza macho mahali ambapo kasoro ilionekana, si lazima mahali ilipoanzia.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna ushahidi wa kupunguza makali ya hoja hii. Msumbiji, iliyokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa korosho duniani kabla ya uhuru wake, huita kazi hii kwa Kireno descasque, kuondoa ganda. Nako joto limenyamaziwa, na viwanda vyake viliporomoka hasa baada ya masharti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1995 kuhusu kodi ya mauzo ya korosho ghafi, kwa sababu za kibiashara ambazo hakuna kitenzi ambacho kingezizuia. Unyamavu basi si sifa ya Kiswahili pekee. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno jirani, tayari, lisilohitaji kamati.

Mvuke na mikono

Viwanda vya umma vilipobinafsishwa baada ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vingi vikageuzwa kuwa maghala. Ubanguaji ulirudi kwa sehemu katika vikundi vidogo na viwanda vya kati, safari hii kwa njia ya mvuke. Korosho hutiwa ndani ya chombo kilichofungwa, mvuke kutoka kwenye boila huingizwa, na baada ya dakika kadhaa hutolewa na kuachwa zipoe kwa saa nyingi, mara nyingi hadi kesho yake. Kisha hukatwa moja moja kwa kisu cha kukanyaga kwa mguu, na kiini hukaushwa katika tanuri la joto la chini ili ngozi yake itoke.

Kwa upande wa joto mvuke una sifa ambayo mafuta hayana. Unapogusa ganda lililo baridi hugeuka maji palepale, na kila kilo moja ya mvuke inayogeuka hivyo kwa nyuzi 100 huacha juu ya ganda kilojuli zipatazo 2,257. Joto huenda kwa wingi zaidi mahali palipo baridi zaidi, bila mtu kukoroga. Na kwa kuwa mvuke uliofungwa katika shinikizo fulani hauwezi kulipasha ganda zaidi ya nyuzi zake wenyewe, kiini hakifiki kuungua. Weupe unapatikana, kuni zinapungua, na maganda yaliyokatwa yanarudi tanurini kuwasha boila, kwani mafuta yaliyomo huyafanya yawake vizuri.

Mafuta yaliyomo: hapo ndipo penye shida. Birika la mafuta ya moto huyatoa mengi. Moto wa wazi huyachoma yakawa moshi. Mvuke hulainisha ganda na kukitenga kiini nalo, lakini mafuta mengi hubaki mahali yalipokuwa. Kisu kikipita katikati ya ganda, yanatoka juu ya kisu, meza na vidole. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kupikia, au huvaa glavu pale zinapotolewa, na glavu hupunguza wepesi wa vidole katika kazi inayolipwa kwa kilo za viini. Chaguo la kitaalamu kuhusu njia ya kuingiza joto limekuwa, bila kujadiliwa hivyo, chaguo kuhusu mahali mafuta yatakapokwenda: kwenye mapipa ya kuuzwa, kwenye mapafu ya aliye karibu na moto, au kwenye mikono. Njia iliyokinusuru kiini vizuri zaidi ndiyo iliyomwachia mbanguaji mafuta mengi zaidi.

Katika maelezo ya mafunzo ya vikundi, hatua ya mvuke kwa kawaida huitwa kuchemsha. Neno hili linaeleweka haraka, ila linapotosha kidogo, maana kinachochemka ni maji ya boila na si korosho. Istilahi za fizikia zilizosanifiwa zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama halijoto na jotoridi yamekwisha kuingia madarasani. Yamekaa huko. Mpitisho ni neno la mtihani wa shule ya msingi, wala halikupata kuwa neno la mtu anayeeleza kwa nini korosho kubwa zitengwe na ndogo kabla ya kupikwa. Kazi ya istilahi nchini imekuwa hodari zaidi wa kuyapa majina yaliyomo vitabuni kuliko kusikiliza vitenzi vilivyoko kwenye bati lililotobolewa.

Moto wa nani

Mwezi Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote ya msimu kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia Mtwara kuibeba. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuibangua nchini. Mwaka uliotangulia mavuno yalikuwa yamezidi tani 300,000, wingi ambao haukuwa umepata kuonekana hadi wakati huo, na uwezo wa kuipasha joto korosho hiyo, kuikata na kuikausha haukukaribia kiasi hicho. Sehemu kubwa iliishia kuuzwa ikiwa ghafi.

Miaka mitano kabla ya hapo mji huohuo ulikuwa umeingia katika machafuko kwa sababu ya kitu kingine kinachowaka. Gesi ya Mnazi Bay, karibu na Msimbati na mlango wa Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982 na kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara katika miaka ya 2000. Ilipojulikana kwamba bomba litaipeleka Dar es Salaam, wakazi waliandamana, na Januari na Mei 2013 kukawa na vurugu na vifo. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Waandamanaji hawakuwa wakizungumzia korosho, na si vema kuwalisha maneno. Lakini dai lao la viwanda vijengwe pale gesi inapotoka lina umbo ambalo wakulima wa mkoa huo walilijua tangu enzi ya Kollam: kinachozalisha joto na kinachohitaji joto vyote viwili viko Mtwara, na kila kimoja kinasafirishwa peke yake.

Katika mabaraza ya wilaya na hotuba za misimu ya mauzo, swali linaloulizwa kila mwaka ni tani ngapi zitabanguliwa nyumbani. Halisikiki swali la kwa mafuta au kwa mvuke, wala la joto litoke kwenye maganda, kwenye kuni za mikoko na misitu iliyobaki, au kwenye bomba linalopita chini ya mashamba hayohayo. Nyuma ya nyumba, msimu ukifika, korosho bado humwagwa juu ya bati, na anayekoroga husimama upande ambao upepo unatokea.